Hedhi imekoma, sahani ni ileile, tumbo linazidi kuja mbele: ni homoni au ni umri tu?

#1 Gauni Limegoma
Wakuu habari zenu. Nina miaka 53, na mara ya mwisho kuona siku zangu ni miaka miwili iliyopita. Tangu mtoto wangu wa mwisho aache kunyonya nimekuwa na kilo 64, sikupanda wala kushuka. Leo mizani inasoma 71. Naapa mezani sijabadilisha kitu. Chai ni ileile, sahani ni ileile, hata kijiko ni kilekile.

Kinachonishangaza zaidi ni mahali kilo zenyewe zilipoenda kukaa. Miguu imesinyaa, makalio yamepungua, halafu tumbo kama mimba ya miezi mitano. Juzi nimetoa gauni langu la shughuli. Zipu ikapanda hadi chini ya mbavu, ikagoma. Binti yangu akaja kusaidia, nikazuia pumzi, akavuta, kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwake. Tukacheka mpaka machozi. Alipotoka, machozi yakaendelea bila kicheko.

Mwenzangu kazini anasema ni homoni na haina dawa, nizoee. Daktari niliyemuona hakuuliza hata swali moja, akasema "punguza kula". Waliokwisha pita huku, ni kipi hasa? Na yupo aliyelipunguza bila kushinda na njaa?

#2 Mzee wa Kijiwe
Naweka kiti hapa mapema. Mke wangu ana miaka 51, nikichangia neno nitalala sebuleni. Nasoma tu.

#3 Asali Chungu
Ni homoni, dada, usizungushwe. Mimi nilitolewa ovari zote mbili nikiwa na miaka 44. Hedhi ilikoma siku ileile ya upasuaji, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa na tumbo ambalo sikuwahi kuwa nalo hata baada ya uzazi wa watoto watatu. Miaka 44 ni uzee? Estrojeni, homoni ya ovari, ndiyo ilikuwa inaelekeza mafuta yakae kwenye mapaja na nyonga. Ikiondoka, mafuta yanahamia tumboni kama ya wanaume. Huyo daktari wako angekuambia hilo kwanza.

#4 Takwimu Hazina Huruma
Asali Chungu #3 pole kwa upasuaji, lakini hali yako si ya mleta mada. Kuondolewa ovari ni kushuka ghafla, wengine huteremka ngazi kwa miaka.

Marekani kuna utafiti unaitwa SWAN, ulianza 1996 na umefuatilia wanawake zaidi ya 3,000 kwa miaka mingi. Mwaka 2019 walichapisha vipimo vya mafuta na misuli vya baadhi yao. Uzito kwa jumla ulipanda taratibu kwa mstari ulionyooka, na kipindi cha kukoma hedhi hakikuupa kasi mpya. Kwa hiyo kilo zenyewe ni za umri. Anayekaa miaka 20 bila kubadilika huwa na bahati, na bahati huisha.

#5 Asali Chungu
Malizia sentensi, ndugu. Utafiti huohuo ulisema nini kuhusu mafuta?

#6 Takwimu Hazina Huruma
Haya, nimeshikwa. Mafuta yaliongezeka kwa kasi karibu mara mbili tangu mpito wa kuelekea kukoma hedhi ulipoanza, na misuli ikaanza kupungua, mpaka kama miaka miwili baada ya hedhi ya mwisho. Kisha vyote vikatulia. Mizani haikuonyesha mageuzi hayo kwa sababu kimoja kilikuwa kinaingia, kingine kinatoka.

#7 Gauni Limegoma
Kwa hiyo mizani yangu ni kipofu?

#8 Fundi Tepu
Mizani ni kipofu, mama, tepu ina macho. Mimi si mtu wa afya, nashona nguo za kina mama tangu 1998, na madaftari ya vipimo ninayo yote. Nimefungua ukurasa wa mteja mmoja sasa hivi. Mwaka 2011: kifua 96, kiuno 78, nyonga 106. Mwaka 2023: kifua 100, kiuno 92, nyonga 104. Yeye ananiambia kaongezeka kilo mbili tu, na namuamini. Tatizo ni kwamba gauni halishonwi kwa kilo.

Siri ya kazi: karibu wote wakiona tepu wanavuta tumbo ndani. Sibishani nao. Huwa nauliza habari za wajukuu, mtu akianza kujibu pumzi inatoka, hapo ndipo nasoma namba.

#9 Mzee wa Kijiwe
Fundi wewe ni hatari.

#10 Nesi Mstaafu
Hamjambo wote. Kwanza tuweke neno sawa: tunahesabu hedhi imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ile miaka ya kuruka mwezi na kurudi ni mpito, na mabadiliko mengi huanzia huko, si siku ya mwisho.

Fundi #8 kasema kweli bila kusomea. Mafuta ya chini ya ngozi na mafuta yanayozunguka ini na utumbo si jamaa moja. Haya ya ndani ndiyo huleta kisukari, presha na maradhi ya moyo. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 ni kuangalia, 88 kwenda juu ni jambo la kushughulikia.

Lakini kabla hujasema ni mafuta, hakikisha ni mafuta. Nilimpokea mama mmoja aliyekuwa anajibana tumbo kwa mkanda miezi minne akiamini kanenepa. Mikono na shingo vilikuwa vinakonda, tumbo linajaa. Alikuwa na uvimbe kwenye ovari. Tumbo likijaa kwa wiki kadhaa bila kushuka, ukala kidogo tu ukashiba, ukawa unakojoa mara kwa mara, nenda kapimwe. Na damu yoyote baada ya hedhi kukoma, hata tone, usiisubiri.

Pia omba kipimo cha tezi ya thairoidi. Ikilegea, mtu huongezeka uzito, husikia baridi, hukosa choo, huchoka, na umri ni huuhuu wetu. Ni rahisi kusingizia hedhi.

#11 Gauni Limegoma
Nesi asante, umenitisha lakini umenisaidia. Njaa ninayo ya kutosha, na mikono nayo imenona. Thairoidi nitapima.

#12 Usiku Mrefu
Mbona hakuna anayetaja usingizi? Mimi joto la ghafla lilikuwa linaniamsha saa nane usiku, shuka limelowa. Nabadilisha nguo, usingizi hakuna, miguu inanipeleka jikoni yenyewe. Nami niliapa kama mleta mada kwamba mezani sijabadilisha kitu. Mezani ni kweli kabisa. Jikoni saa tisa usiku je?

Niliandika kwenye karatasi wiki mbili, kila kitu, pamoja na kile cha kusimama mbele ya friji mlango ukiwa wazi. Niliona aibu kuisoma. Asiyelala vizuri kesho yake njaa yake ni nyingine, anataka tamu na mafuta, na kutembea hataki.

#13 Gauni Limegoma
😅 Umenivua nguo hadharani. Huwa ni karanga tu jamani.

#14 Takwimu Hazina Huruma
Konzi moja ya karanga ni kalori karibu 170. "Tu" imetoka wapi?

#15 Kiuno Chembamba Asilia
Akina mama msihangaike! Nina chai ya kusafisha sumu, siku 14 tumbo linakwisha kabisa bila mazoezi. Njooni pembeni.

#16 Nesi Mstaafu
Nyingi ya chai hizo ni za kuharisha. Kinachopungua ni maji na kinyesi, na kinarudi ukinywa bilauri mbili. Kwa mtu mwenye dawa za presha au figo dhaifu ni hatari kweli. Sumu za mwilini zinatolewa na ini na figo, bure, kila siku.

#17 Mzee wa Kijiwe
Chai imemwagika.

#18 Chuma Baridi
Nina miaka 58. Nilianza na kiti. Nasema kiti kweli, cha kulia chakula: kukaa na kusimama bila kushika, mara nane, napumzika, tena nane. Wiki ya kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu. Kisha chupa za maji mikononi, baadaye vyuma. Siku tatu kwa wiki, na kutembea siku nyingine.

Mwaka mmoja baadaye mizani ilikuwa imeshuka kilo moja na nusu. Ningeisikiliza ningeacha mwezi wa tatu. Lakini kiuno kilikuwa kimepungua sentimita 7. Wanaotembea tu wanafanya vizuri, ila kutembea hakurudishi misuli ya juu. Misuli ikirudi, mwili unachoma hata ukiwa umelala.

#19 Takwimu Hazina Huruma
Hongera kwa sentimita, ila hilo la mwisho linatiwa chumvi kila mahali. Kilo moja ya misuli iliyopumzika inatumia kama kalori 13 kwa siku. Umeongeza kilo mbili, hizo ni 26. Ni karanga nne za mleta mada.

Na wanaosema mwili "umezimika" baada ya hedhi: mwaka 2021 jarida la Science lilitoa kazi ya Herman Pontzer na wenzake, vipimo vya watu zaidi ya 6,400, toka watoto wa siku 8 mpaka wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayakubadilika kati ya miaka 20 na 60, kwa wanawake na wanaume. Yanaanza kushuka baada ya 60. Kwenye miaka 50 hakuna shimo.

#20 Chuma Baridi
Mkuu, kalori 26 au 2,600, mimi leo nainuka sakafuni bila kushika ukuta. Kwenye hesabu zako hilo umeliweka safu gani?

#21 Asali Chungu
Na kama mwili haujapunguza uchomaji, na sisi hatujaongeza chakula, mafuta yametoka wapi? Upepo? Ndiyo maana nasema homoni.

#22 Mdadisi Bila Cheti
Asali #21 swali lako zuri. Kuna watafiti, Simpson na Raubenheimer na wenzao, waliandika 2022 hoja inayonivutia: kwenye mpito misuli inavunjika zaidi, mwili unadai protini zaidi, na hamu ya kula haizimi mpaka dai hilo litimizwe. Ukila vyakula vyenye protini kidogo, unalazimika kula vingi ndipo ufikie. Kila siku unazidisha kidogo bila kujua. Kwa hiyo "sijaongeza" inaweza kuwa ukweli wa macho lakini si wa tumbo.

Mimi nilijaribu kuanza kila mlo na kile chenye protini, mayai, samaki au maharage, wanga ukafuata mwisho. Jikoni usiku nimeacha kwenda, na sikujikaza. Huenda ni hilo, huenda ni kwamba mwezi huohuo joto lilitulia. Sijui nimshukuru nani.

Wengine wanaishitaki homoni ya FSH, ambayo hupanda ovari zikilegea. Walipoizuia kwa panya, panya wakapungua mafuta.

#23 Mzee wa Kijiwe
Panya kila siku wanapona kila kitu. Lini zamu ya mke wangu?

(Amesoma. Amesema niwaambie hajanenepa.)

#24 Nesi Mstaafu
Mdadisi, kwa wasio na ugonjwa wa figo, gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kiasi kinachopendekezwa kwa watu wazima wenye umri. Mwenye figo mbovu asijipangie mwenyewe.

#25 Zamu Mbili
Mnaongea kama watu wenye muda. Mimi hedhi ilikoma mwaka ambao mama yangu alipooza upande. Natoka kazini, namuogesha, namlisha, namgeuza, ninachokula ni mabaki yake, nimesimama. Nikaambiwa nina kisukari, nikaanzishwa vidonge, miezi sita kilo nne juu. Nikiuliza naambiwa "sharti upunguze uzito ili kisukari kitulie". Mwaka mzima nimejilaumu, mpaka mfamasia mmoja akaniambia vidonge vya kundi lile la salfonilurea huongeza uzito.

#26 Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Ni kweli. Insulini pia, na vidonge vya steroidi, baadhi ya dawa za sonona, na baadhi za presha kwa kiasi kidogo. Usiache dawa ghafla. Rudi useme hivi: "Kuna nyingine isiyoongeza uzito kwa hali yangu?" Mara nyingi ipo.

Na kuinama, kumgeuza mtu mzima kitandani, hiyo nayo ni kazi ya mwili. Usijihesabu mvivu.

#27 Chuma Baridi
Zamu Mbili nimekusoma mara mbili. Samahani kama #18 ilisikika kama ya kujigamba. Mama yangu alikuwa na wa kumtunza.

#28 Usiku Mrefu
Swali la pembeni: wanaotumia tiba ya homoni, inapunguza uzito?

#29 Asali Chungu
Mimi nabandika plasta ya estrojeni. Jasho lilikatika wiki ya tatu, usingizi ukarudi, nikaacha kugombana na watu. Mizani haikusogea hata nusu kilo. Kiuno kilipungua kidogo, vidole viwili kwenye mkanda.

#30 Takwimu Hazina Huruma
Kwa hiyo, dada, umerudishiwa homoni na kilo hazikuondoka. Sisemi kitu.

#31 Asali Chungu
Mkanda umesema. Soma tena fundi #8.

#32 Nesi Mstaafu
Tiba ya homoni haitolewi kwa ajili ya kupunguza uzito. Inatolewa kwa joto, jasho, ukavu na kulinda mifupa, na tafiti zinaonyesha hupunguza kidogo mafuta kuhamia tumboni. Wengi waliiogopa tangu 2002, ule utafiti mkubwa wa Marekani wa WHI uliposimamisha dawa ya estrojeni na projestini (homoni inayolinda mfuko wa uzazi) kwa sababu saratani ya matiti iliongezeka. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa walio chini ya 60, au ambao haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, mizani ya faida na hatari ni nyingine. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu, hesabu yake ni tofauti kabisa. Na mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake.

#33 Sindano ya Ijumaa
Ngoja niseme lisilosemwa. Nilichoma semaglutide, sindano ya kupunguza hamu ya kula, miezi tisa, kwa cheti. Kilo 11 ziliondoka. Karanga za usiku zilinyamaza, kichwa kikawa kimya, sijui niielezeje. Nikashindwa kuendelea kununua. Miezi minane, kilo 7 zimerudi, na zimerudi tumboni. Mikono iliyolegea imebaki imelegea.

#34 Takwimu Hazina Huruma
Ndivyo ilivyokuwa hata kwenye majaribio. Mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Na sehemu ya kinachopotea huwa ni misuli, kwa hiyo Chuma Baridi alistahili kuwa jirani yako.

#35 Mnene na Amani
Nimesoma toka juu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa 53 lazima awe na kilo za 30. Gauni, urefu wako ni sentimita ngapi?

#36 Gauni Limegoma
163.

#37 Takwimu Hazina Huruma
BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 26.7. Ilikuwa 24.1.

#38 Mnene na Amani
Basi msiba uko wapi? Dada yangu alijikondesha akiwa 60 kwa kula matunda tu. Aliteleza bafuni, mkono ukavunjika kama kijiti. Wembamba na mifupa ya uzeeni havipatani. Mafuta nayo hutengeneza estrojeni kidogo, acheni yabaki.

#39 Nesi Mstaafu
Yote mawili ni kweli. Kukonda kwa njaa humaliza mifupa na misuli. Lakini estrojeni hiyo ya mafuta ndiyo moja ya sababu unene baada ya hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya mfuko wa uzazi. Usiipende sana.

#40 Mnene na Amani
Nesi, hukosi neno.

#41 Gauni Limegoma
Nimerudi. Nimepima usiku huu mbele ya kioo. Nikajikuta nimevuta tumbo: 91. Nikajiuliza kwa sauti "wajukuu hawajambo?" nikatoa pumzi: 94. Fundi, nakuchukia.

Kipimo cha thairoidi nimepangiwa wiki ijayo. Karanga nimempa binti afiche. Kwenye kiti nimefanya sita, ya saba nikakaa moja kwa moja. Kama ni homoni au umri bado sijaelewa, naona mnapigana tu.

#42 Asali Chungu
Homoni.

#43 Takwimu Hazina Huruma
Umri.

#44 Usiku Mrefu
Karanga.

#45 Fundi Tepu
Mama, gauni usilitupe. Ligeuze, angalia mshono wa ubavuni. Kama aliyeshona alikuwa fundi, kaacha akiba ya sentimita moja na nusu kila kipande. Vipande viwili kila ubavu, mbavu mbili: sita. Zipu ndiyo itabidi mpya.

#46 Mzee wa Kijiwe
Fundi, kwenye suruali za wanaume huwa mnaacha ngapi? Naulizia rafiki yangu.